Mihadhara ya sanaa na jiji hapa Tanga: jioni ipi uende, ipi ubaki nyumbani

Kama una nafasi ya jioni moja tu kati ya sita, nenda ile ya chokaa. Ukipata mbili, ongeza ya barabara. Ile ya mwisho, ya jopo la watu watano kuhusu jiji la kesho, kaa nyumbani ule wali wako kwa amani. Tatu zilizobaki zina utamu wake, na kila moja ina dosari ambayo waandaaji wangeiondoa kwa mikeka kumi, waya mrefu na saa ya ukutani.

Mfululizo unafanyika kwenye jengo la zamani upande wa bandari: ukumbi ghorofani, uwanja mdogo wa wazi nyuma. Mihadhara ni bure. Warsha mbili za asubuhi inayofuata ni shilingi 5,000 kwa kichwa, vifaa na chai ndani yake, na bei hiyo haina ubishi. Shabaha ni kutazama miji mikubwa iliyofikiriwa upya kwa mikono ya wachoraji, wanamuziki na wasanifu majengo, kisha kuuliza nini kinaweza kuchukuliwa na Tanga, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na nini kinaifaa Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Swali ni zuri. Jibu linategemea kama mzungumzaji amekuja na kitu cha kushika au amekuja na mdomo tu.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya picha na mipango, na mfano wake ulikuwa Chicago. Chaguo zuri. Mpango wa jiji lile uliochapishwa mwaka 1909, kazi ya wasanifu Daniel Burnham na Edward Bennett, husifiwa kwa barabara pana na ufuo wa ziwa ulioachiwa wananchi. Kinachorukwa mara nyingi ni namna ulivyonadiwa. Mchoraji Jules Guerin alipewa kuuchora kwa rangi, jiji likitazamwa kutoka juu, mpaka mtu ambaye hajui kusoma ramani akautamani. Baadaye tume ya mpango ikazunguka na taa za kuonyeshea picha, babu zake projekta, ikitoa mihadhara kwa raia, na mwaka 1911 kikatoka kitabu cha kiada ili watoto wa shule waujifunze mpango darasani. Waliofanya hivyo walikuwa wanatafuta kura na fedha, hawakuwa wanastarehesha watu. Mzungumzaji alilisema hilo waziwazi, halafu akaonyesha ubovu wake: kutoka juu huoni chumba cha mpangaji, na mpango ule uligusia makazi ya maskini kwa uchache mno. Akaweka picha ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, iliyopigwa kutoka juu, mistari imenyooka, barabara zenye namba zimepangwa sawasawa. Kijana mmoja mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, baraza ziko wapi hapo?" Ukumbi ukaamka. Ndilo swali lililotakiwa, na mzungumzaji alikuwa na akili ya kuliacha lining'inie kwa dakika kumi ili watu walijibu wenyewe: paa limefunika baraza, mti umefunika kijiwe cha kahawa, na muuza samaki wa jioni hayumo kwa kuwa picha ilipigwa saa nne asubuhi.

Bahati mbaya nusu ya kwanza ilifanyika uwanjani, saa 11 jioni, kwa projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi, na projekta ya kiasi hicho nje haionyeshi kitu mpaka dakika 20 hivi baada ya hapo. Michoro ya Guerin ina rangi za ukungu, si za kupiga kelele. Iliyoonekana ukutani ilikuwa kama doa la chai. Waliokaa mbele waliambulia kidogo, wa nyuma wakachezea simu. Dawa si kununua projekta kubwa zaidi. Dawa ni kuhamishia picha ghorofani na kufunga madirisha ya upande wa magharibi kwa shuka nzito, au kuchapisha picha nne za ukubwa wa A2 na kuzipitisha mkononi. Karatasi haikatiki umeme.

Hapa inafaa kusemwa habari ya saa, kwa sababu ndiyo inayoharibu mihadhara mingi ya mjini kwetu kuliko ubovu wa mada. Ratiba imeandikwa saa 11:00 jioni. Mgeni rasmi hufika saa 11:40, hotuba yake inakula dakika 15, mada inaanza jua likiwa linaelekea kuzama, na wakati wa maswali unagongana na adhana ya Magharibi. Nusu ya hadhira inaondoka hapo, na katika nusu hiyo wamo wazee wanaoijua historia ya mtaa, ambao maswali yao ndiyo yangekuwa na uzito. Kati ya Magharibi na Isha kuna takriban saa moja na robo, nafasi inayotosha mada ya dakika 35 na maswali ya dakika 30. Vinginevyo ianze saa 9:45 alasiri baada ya Alasiri na ifungwe saa 12 kamili. Hii ya pili inawafaa zaidi akina mama na wanafunzi wanaorudi Sahare, Duga au Kange, kwani daladala hupungua usiku na bodaboda hupandisha bei. Mgeni rasmi afunge, asifungue. Akichelewa, hajamchelewesha mtu.

Sauti nayo. Ukumbi wa ghorofani una sakafu ya saruji, dari ya juu na kuta tupu, kwa hiyo neno linarudi mara mbili kabla halijafika mstari wa sita. Waandaaji wameweka spika moja kubwa pembeni ya jukwaa, nyuma kidogo ya maikrofoni. Makosa mawili kwa pamoja: maikrofoni inasikia spika na kuanza kupiga filimbi, na fundi akipunguza sauti ili kuondoa filimbi, wa nyuma hawasikii. Spika ziwe mbele ya mzungumzaji, zimemgeuzia mgongo. Mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, moja ya kila upande, na kama ukumbi unazidi mita 15 basi jozi nyingine katikati. Mikeka ukutani na sakafuni hunyonya mwangwi, na mikeka Tanga haijawahi kuadimika. Mzungumzaji ashike maikrofoni kama vidole vinne kutoka mdomoni, chini ya kidevu kidogo, asiizungushe kama mwimbaji. Kwa wewe msikilizaji: kaa mistari mitatu ya mwanzo upande wa madirisha ya bahari. Kuna upepo, na mwangwi ni mdogo kuliko upande wa ngazi.

Jioni ya soko ilikuwa fupi na safi. Mada ilikuwa Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege, lililoungua Julai 2021. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba soko ni jukwaa kubwa kuliko ukumbi wowote wa sanaa, na aliyebuni paa lile alijua joto la mwanadamu anayesimama siku nzima. Tatizo: maandishi yote ya picha yalikuwa Kiingereza, herufi ndogo, na mwongozaji akawa anatafsiri kila ukurasa, hivyo mada ya dakika 30 ikaenda saa nzima. Wauza nazi wawili waliokuja kusikiliza habari za soko waliondoka katikati. Hao ndio waliokuwa walengwa.

Sasa ya barabara. Mzungumzaji alileta miji mitatu na kila mmoja kwa kazi yake. Curitiba ya Brazili, mwaka 1972: meya Jaime Lerner, mwenyewe msanifu majengo, aliifunga kwa magari barabara kuu ya maduka. Kazi ilianza Ijumaa jioni mahakama zikiwa zimefungwa ili pasipatikane zuio, ikakamilika ndani ya saa 72. Madereva walipopanga kuirudisha barabara yao kwa nguvu, walikuta watoto wamekaa chini wanachora kwenye karatasi ndefu zilizotandazwa njiani. Hakuna aliyethubutu kupita. Bogotá ya Kolombia, kuanzia 1995: meya Antanas Mockus aliweka waigizaji wasiosema neno kwenye vivuko, kazi yao kumwigiza dereva anayekanyaga mistari mpaka aone haya, na kadi 350,000 zenye dole gumba zikagawiwa, upande mmoja la kusifu, upande mwingine la kukemea. New York, 2009: kipande cha barabara ya Broadway kinachopita Times Square kikafungwa kwa magari, na kwa kuwa samani rasmi hazikuwa tayari wakaweka viti vya bei rahisi vya bustanini. Watu wakakaa.

Mifano hii huwa inasimuliwa kama ngano. Mzungumzaji wetu alikataa, akaigeuza kuwa vipimo, na ndiyo maana jioni hii inastahili nauli. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji utafiti, simama tu kwenye njia ya kwenda Ngamiani saa 12 asubuhi. Njia ya baiskeli ya kwenda tu inataka upana wa mita 1.5, na mita 2 kama kuna wabeba mizigo, maana mkungu wa ndizi unatokeza pande zote mbili. Ya kwenda na kurudi ianzie mita 2.5. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita 7 ina nafasi ya kutosha ikiwa magari yatapita upande mmoja tu. Jaribio lenyewe halihitaji zege. Chora mistari kwa chokaa, ileile ya uwanja wa mpira, kwa sababu ikionekana umekosea mvua itakusahihisha. Rangi ya plastiki hukaa miezi na hukupeleka ofisi za watu. Weka matairi kuukuu yaliyopakwa nyeupe kama mpaka.

Hapo kuna kosa ambalo wengi hulifanya, na warsha ya asubuhi ililionyesha kwa macho. Vijana waliweka matairi kila baada ya mita 2. Ndani ya dakika tano bajaji imepita katikati, na nyuma yake nyingine mbili. Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3. Ukiacha mita 2 umeifungulia mlango. Wakasogeza mpaka mita 1 kati ya tairi na tairi: baiskeli inapenya, mkokoteni mdogo wa maji unapenya kwa shida, bajaji haiwezi. Dereva mmoja alisimama akatazama, akasema, "Haya bwana, mmeshinda," akarudi kinyumenyume. Mkokoteni mkubwa wa mizigo haukupita kabisa, na hilo lilileta mzozo halali na wapagazi. Suluhu waliyoikubali papo hapo: tairi moja la kuondolewa kwa mkono kila mwisho wa barabara, na mwenye duka la kona ndiye mlinzi wake.

Kwa anayetaka kuiga mtaani kwake: barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa hiyo jua kwanza unagusa ya nani. Anza na barua kupitia serikali ya mtaa, iende Halmashauri ya Jiji, nakala polisi wa usalama barabarani. Andika siku, saa, urefu wa kipande kwa mita, na njia mbadala ya gari la wagonjwa. Barua isiyo na njia mbadala hurudi. Na usichague Ijumaa mchana karibu na msikiti, hata kama ndiyo siku yenye watu wengi.

Tumefika kwenye chokaa.

Waandaaji walianza na Tirana, mji mkuu wa Albania, ambako mchoraji Edi Rama alipokuwa meya kuanzia mwaka 2000 alipaka rangi kali majengo ya kijivu ya enzi ya ukomunisti, na mji uliochoka ukapata cha kuzungumzia. Mwongozaji akauliza kwa nini tusifanye hivyo kwenye majengo yetu ya zamani ya mjini. Fundi aliyealikwa, mzee aliyekaa kimya tangu mwanzo, akainuka bila maikrofoni, akawaongoza watu kwenye ukuta wa nyuma wa uwanja uliopakwa rangi ya plastiki ya buluu miaka ya karibuni. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Akatumbukiza ncha ya kisu kwenye lengelenge moja. Mchanga mnyevu ukamwagika kwenye kiganja chake, na ndani yake chembe nyeupe. Akalamba kidole. "Chumvi," akasema. Mengine yote ya jioni ile yalitoka kwenye lengelenge hilo.

Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, yakapanda mpaka mita moja hivi, kisha yakatoka kupitia uso wa ukuta. Ndivyo zilivyoumbwa kuishi. Ukizipiga saruji au rangi ya plastiki umemvika koti la mvua mtu anayetoka jasho. Maji hayapati pa kutokea, chumvi inabaki nyuma ya rangi, inaganda, inasukuma, na plasta inaondoka pamoja na mchoro wako. Majengo ya Tirana yaliyopakwa si ya matumbawe. Kwetu mchoro wa rangi ya plastiki kwenye ukuta wa namna hiyo unaweza kuanza kuchubuka baada ya masika moja au mawili, na msanii ndiye hulaumiwa wakati kosa ni la aliyechagua ukuta.

Rangi inayofaa ni maji ya chokaa, na warsha ilifundisha hatua zake bila haraka. Ukipata chokaa mbichi iliyotoka tanuri, tia chokaa kwenye maji kidogokidogo, kamwe usimwagie maji chokaa, maana inachemka na kuruka. Miwani ya kukinga macho si pambo. Tone moja jichoni linachoma, na dawa yake ya kwanza ni kuosha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 na zaidi huku ukienda hospitali. Chokaa ya mfuko iliyokwisha zimwa iloweke kwenye maji angalau usiku mzima, juma moja ni bora. Iliyozimwa nyumbani ikae wiki kadhaa imefunikwa na maji juu yake. Ichuje kwa chekecheo la matundu madogo au kitambaa cha kanga kuukuu. Kipimo: sehemu moja ya chokaa nzito kwa sehemu mbili hadi tatu za maji, mpaka ipate uzito wa maziwa. Watu wengi huiacha nzito kama uji wakidhani itafunika haraka. Nzito hupasuka ikikauka na kutoa unga mkononi.

Ukuta usafishwe kwa brashi kavu, plastiki yote itoke, kisha ulowanishwe jioni na tena asubuhi kabla ya kupaka. Hapo ndipo wengi huharibu. Ukuta mkavu hufyonza maji yote mara moja na chokaa inabaki juu kama vumbi. Paka mikono, yaani tabaka, minne hadi mitano, myembamba, ukiacha siku moja kati ya mkono na mkono na kuulowanisha kidogo kila mara. Mkono wa kwanza utakuvunja moyo kwa kuwa ukiwa mbichi hauonekani kabisa; subiri kesho yake, unang'aa. Lita moja hutosha takriban mita za mraba 4 hadi 5 kwa mkono mmoja kwenye ukuta wenye mikwaruzo. Usipake jua la saa sita likipiga ukutani. Kivuli cha asubuhi upande wa magharibi, cha alasiri upande wa mashariki.

Rangi za kuchanganya ziwe za udongo au oksaidi: nyekundu, njano, kahawia, nyeusi. Zisizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, vinginevyo hazishiki. Buluu na waridi za bei rahisi huliwa na chokaa zikapauka. Kwa hiyo ukuta wa chokaa una lugha ya rangi tulivu, na msanii anayetaka rangi za kupiga macho inabidi aende njia nyingine. Njia hiyo ilitoka kwa mchoraji kijana aliyekuwa mzungumzaji wa pili, na ilikuwa na historia nzuri ndani yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya kupakia baiskeli kwenye hadibodi. Rangi ile inang'aa, inakauka ngumu, na kwenye ubao haina ugomvi na chumvi. Basi chora kwenye ubao, utundike ukutani. Kwa nje hadibodi itavimba, tumia plaiwudi ya marini ya milimita 12, paka pande zote mbili na kingo zake, na iache nafasi ya sentimita 2 kati ya ubao na ukuta ili hewa ipite. Skrubu ziingie kwenye kiungo cha chokaa, si kwenye jiwe, na ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bahari iko mita mia mbili, skrubu ya kawaida italia machozi ya kutu juu ya mchoro ndani ya mwaka.

Mama mmoja wa Chumbageni alimkamata fundi wakati wa kahawa.

"Shikamoo mzee. Mie nyumba ya marehemu baba nimeshaipiga saruji yote, nje na ndani. Nifanyeje?"

"Marahaba mwanangu. Usiibandue yote kwa mkupuo, utauangusha ukuta na mfuko wako. Anza chini, mita moja kutoka ardhini, upande unaovimba. Bandua, uache wazi ukauke mpaka kaskazi iishe. Ndipo upige plasta ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu."

"Na juu?"

"Juu kukisema, utasikia."

Mazungumzo hayo ya dakika mbili yalikuwa na faida kuliko jopo zima la mwisho, na hayakurekodiwa.

Jioni ya muziki ilikuwa ya kutembea, kutoka ukumbini hadi Ngamiani, na dhamira yake kuonyesha kwamba jiji hufikiriwa upya pia kwa masikio. Tanga ina haki ya kuisema: vikundi vya Black Star Musical Club na Lucky Star, pamoja na sauti ya mwimbaji Shakila Said, viliibadilisha taarabu ya pwani kwa gitaa la umeme na mdundo wa kuchezeka, wakati bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zikiujaza mji dansi. Mwongozaji alieleza vizuri kilichobadilika: ala zikapungua, bendi ikawa ndogo ya kuhamishika, na muziki ukatoka kumbi za wakubwa ukaenda harusini na mitaani. Ila kutembea na watu 60 nyuma ya mtu mmoja mwenye kipaza sauti cha mkononi ni kazi bure. Kumi wanasikia, hamsini wanafuata mgongo. Wagawanywe makundi ya watu 15, kila kundi na mwongozaji wake, waachane kwa dakika 10. Na ukienda, vaa viatu vya kufunika. Mitaro mingine haina mifuniko na taa za barabarani hazipo kila mahali.

Jopo, kwa ufupi: watu watano, dakika 15 kila mmoja kwenye karatasi, 25 kwa uhalisia, wageni rasmi wawili, swali moja. Hakuna aliyetaja mtaa hata mmoja kwa jina.

Jambo moja waandaaji walifanya kuanzia jioni ya tatu linastahili kuigwa na kila anayeandaa mihadhara: waligawa vipande vya karatasi na penseli mlangoni, maswali yakakusanywa kwenye kapu la ukili, mwongozaji akayapanga kwa mada wakati mzungumzaji akiendelea. Maswali ya wanawake na wanafunzi yakaongezeka papo hapo, na wale mabwana wanaosimama kuuliza swali la dakika saba lisilo na alama ya kuuliza wakakosa nafasi. Kilichobaki ni kuandika ubaoni, kabla watu hawajatoka, nani atafanya nini na lini. Jioni ya barabara walifanya, na ndiyo maana matairi yalikuwepo asubuhi. Jioni ya soko hawakufanya, na hakuna kilichofuata.

Ukiamua kwenda: warsha ya chokaa inachukua watu 20 tu na hujaa siku mbili kabla, kwa hiyo jiandikishe kwa mkono mlangoni, usitegemee ujumbe wa simu kwani haujibiwi. Nenda na nguo ya kuharibu, glavu za mpira na mafuta ya nazi ya kupaka mikono baadaye. Kahawa na kashata vinauzwa ngazini kwa bei ya kijiweni. Ngazi ni za mbao, nyembamba, hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Mwenye shida ya kupanda aombe mapema mada ihamishiwe uwanjani, wamewahi kukubali. Rekodi za sauti zipo na unaweza kunakili kwenye simu yako ofisini kwao asubuhi za kazi, isipokuwa ile ya kwanza, ambayo ina filimbi ya spika kutoka mwanzo hadi mwisho.